Mkuu wa Teknolojia na Mnara wa Kengele

Cheo kilinifikia kabla ya kazi. Mama, ndivyo sote tulivyomwita mwenye kampuni, aliniita mezani kwake asubuhi akanisukumia rundo la kadi za biashara zilizofungwa kwa mpira. Nikachomoa moja. Ilikuwa na jina langu, na chini yake imeandikwa: Mkuu wa Teknolojia.

"Ndiyo nini hii?"

"Ni wewe."

"Mimi ni fundi, Mama."

"Fundi ni yule anayepita na baiskeli kunoa visu. Mnunuzi wa kahawa wa Ulaya ameuliza mkuu wetu wa teknolojia ni nani. Nikamwambia ninaye. Sasa usinifanye mwongo."

"Huyo mtu anafanya kazi gani?"

Akafikiri kidogo. Alikuwa Mchaga wa Kilimanjaro, Mkatoliki wa misa ya kwanza, ameanza na bati na misumari kwenye duka la Kwa Mrombo, akaongeza rangi, akaongeza televisheni, na mwisho akaongeza kompyuta zilizotumika zilizoletwa na meli kutoka Dubai. Hakuwa mtu wa kujibu swali bila kulipima.

"Kitu kikifa," akasema, "watu wote watakuangalia wewe. Na mimi nitakuangalia wewe. Hiyo ndiyo kazi."

Nimesoma maelezo mengi ya cheo hicho tangu siku ile, mengine ya kurasa nyingi, na sijaona yaliyoizidi sentensi yake.

Shule niliacha darasa la sita. Sikukosa ada wala sikuugua. Nilitoka kwenda kuangalia greda lililokuwa linachonga barabara, nikalifuata kutwa nzima ili nijue lile bapa la chuma linainuliwa na nini, na kesho yake nikalifuata tena. Baadaye nikawa utingo wa lori, nikashuka mgodini, nikarekodi kanda za muziki stendi, nikafunga madishi juu ya mapaa ya watu wakati televisheni zilipoanza kuingia. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu viliingia nchini haraka kuliko watu wa kuvielewa, na mtu mwenye bisibisi na udadisi hakulala njaa Arusha. Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Chumba changu cha Olasiti kilikuwa na godoro, jiko la mchina na begi. Begi sikuwahi kulifungua lote.

Kwa Mama niliingia kutengeneza kompyuta zake za Dubai, ambazo nusu ziliwasili na vumbi la jangwa ndani. Tulikuwa na chumba nyuma ya duka, na baada ya muda akaja binti mhandisi, ametoka chuo kikuu, ambaye Mama alimwajiri kwa sababu, alivyosema, "wewe unajua kitu kimefanya nini, nataka na mtu anayejua kwa nini." Tulielewana. Yeye alipiga hesabu, mimi nilipanda mapaa. Kadi zilipokuja, alinipigia saluti.

"Mkuu."

"Acha mambo yako, Injinia."

"Sasa Mkuu, naomba ruhusa ya kwenda kunywa chai."

Kazi iliyoleta kadi zile ilikuwa ya wakulima wa kahawa wa kijiji kimoja cha juu, kwenye mgongo wa Mlima Meru upande wa mashariki. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao hadi kwenye vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Mwanzoni watu walifurahi. Baadaye wakagundua kwamba mizani ya mnunuzi na bei ya mnunuzi zote zinatoka kwenye mfuko mmoja. Wakaunda kikundi chao, wakanunua mashine ya kumenyea kahawa, na wakampata mnunuzi wa ng'ambo aliyekuwa tayari kununua moja kwa moja kwao, kwa sharti moja: msimu wa mavuno ukianza, kila juma apate habari kutoka kwao wenyewe, kahawa imeoshwaje, imekauka vipi, mvua ikoje. Alitaka barua pepe. Simu za waya hazikufika kule, na za mkononi zilishika ukisimama juu ya jiwe moja nyuma ya kilabu, tena kama hakuna ukungu.

Tukaahidi kuwapelekea intaneti kwa mawimbi ya redio. Antena moja juu ya duka la Kwa Mrombo, nyingine juu ya mlingoti tuliousimika kwenye tambarare ya Kikwe, na kutoka Kikwe kupanda mlimani hadi paa la ofisi ya kikundi. Antena hizi sharti zionane. Kukiwa na kitu kinene katikati, hakuna mawasiliano.

Tulipima mwezi wa pili. Nilisimama juu ya paa la ofisi yao na darubini, nikauona mlingoti wa Kikwe chini kule, mwembamba kama sindano, wazi kabisa. Tukafunga. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa kuvaa mabuti ya mpira hata kanisani, alituma ujumbe wa kwanza kwa kidole kimoja, na majibu yalipokuja kabla hajamaliza chai yake alivua kofia.

Masika ilipoanza, mawasiliano yakaanza kukohoa. Yanashika asubuhi, yanakatika mchana. Mwezi wa tano yakawa yanashika siku za jua tu. Mwezi wa sita yakafa.

Watu wote wakaniangalia.

Niliamini ni maji. Maji huingia kwenye viungo vya waya, hilo nililijua toka enzi za madishi, basi nikapanda na vipande vya mpira wa tairi nikafunga kila kiungo kama jeraha. Haikusaidia. Tukabadilisha waya. Tukabadilisha redio ya juu, kisha ya Kikwe. Nilishuka nikiwa na tope mpaka magotini na mwenyekiti akawa ananingoja chini ya ngazi.

"Mkuu wa Teknolojia," akasoma kadi yangu, aliyoihifadhi ndani ya kofia. "Teknolojia yenyewe iko wapi?"

"Naitafuta, mzee."

"Itafute upesi. Wale wenye mizani wameshaanza kupita. Wanauliza, mzungu wenu ameandika nini? Tunawaambia kuna ukungu."

Nilirudi dukani nikakuta Mama ana karatasi za bei mezani. Kuna mtu Nairobi anauza mashine ya kuongeza nguvu ya mawimbi, na mwingine anauza dishi kubwa la setilaiti. Alitaka nichague moja.

"Usinunue," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatujui ugonjwa. Nikikwambia nunua, nitakuwa nanunua ili nionekane nimefanya kitu."

"Kwa hiyo mkuu wangu wa teknolojia ananishauri nikae."

"Nakushauri unipe muda nijue kinachokwamisha."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumkatalia, na nilimkatalia nikiwa sina jibu mkononi. Ni kazi ngumu kuliko kupanda mlingoti. Mhandisi alikuwa ameinamia daftari lake la hesabu akijifanya hasikii.

Mama akazikunja zile karatasi. "Nakupa mpaka kahawa ya kwanza iive. Ikiiva na chombo kimelala, wale watu watarudi kwenye mizani, na mimi nitafunga chumba hiki nirudi kwenye bati. Kazi nyingine kama hii hatupewi. Huyu binti atapata kazi Dar. Na wewe…"

"Mimi nitaondoka."

"Hapo ndipo ninapopaogopa," akasema. "Kuondoka unakujua mno."

Neno hilo lilinikaa. Usiku ule nililiangalia begi langu, na asubuhi, badala ya kulichukua, nilimwambia mhandisi avae viatu vya kutembea. Tungeifuata njia ya mawimbi kwa miguu, kutoka Kikwe hadi juu, tukione kila kitu kilicho chini ya mstari ule kwa macho yetu. Yeye alikuwa na dira na ramani. Mimi nilikuwa na panga na mahindi ya kuchoma.

Kikwe ni mashamba ya mahindi na maharage, ardhi imelala, unaona mbali. Kutoka chini ya mlingoti tulitafuta alama ya kuishika, na kitu pekee kilichojitokeza juu ya kijani chote cha mlima kilikuwa kipande cha bati kinachomeremeta. Mhandisi akaweka dira, akasema ofisi iko kushoto kidogo ya kile kinachomeremeta, basi tukawa tunakitumia hicho. Tukipotea kwenye korongo, tunapanda kilima, tunakitafuta.

Mwanamke aliyekuwa anapalilia akasimama kututazama.

"Mmepoteza ng'ombe?"

"Tumepoteza mawimbi, mama."

"Ya nani?"

"Ya wakulima wa kahawa wa huko juu."

Akaegemea jembe. "Sisi hapa hayajapita," akasema, akaendelea kupalilia.

Kadiri tulivyopanda, mahindi yakaisha, migomba ikaanza, na chini ya migomba kahawa, na juu ya vyote migrevilea ya kivuli. Hewa ikawa baridi. Mchana tulikuwa tumefika kwenye kihamba kimoja chini kidogo ya ofisi ya kikundi, mali ya bibi mjane, Mmeru, mzee wa kanisa la Kilutheri pale kijijini. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba huku akiangalia miguu yetu yenye tope, akatuamuru tukae kwenye gogo. Akaleta ndizi za kuchemsha na chai ya maziwa. Hakuuliza tumefuata nini hadi tuliposhiba.

Nilipokuwa nakula niliona kuni. Zilipangwa chini ya upenu wa paa, ukuta mzima, kavu, zimekatwa kwa urefu mmoja, magome ya kijivu ya mgrevilea. Nimezoea kuuliza kuhusu kila kitu, hata kisichonihusu.

"Bibi, kuni hizi zote mlizikata lini?"

"Kabla ya masika. Kila mwaka hukatwa kabla ya masika. Kahawa ipate jua, na sisi tupate kuni za kupitisha baridi. Kijiji kizima."

"Mwezi wa pili?"

"Wa kwanza, wa pili."

Nikaacha kutafuna. Niligeuka kuangalia juu. Migrevilea ya bibi ilikuwa imesimama safu nzima mbele ya mlima, minene, majani yake yanadondosha maji ya ukungu. Nilipopanda paa na darubini yangu, ile miti ilikuwa fimbo tupu. Kijiji kizima kilikuwa kimenyolewa, mimi nikapima kipara nikadhani ndicho kichwa.

"Bibi," nikasema, "tulipokuja kupima, mbona hakuna aliyetuambia kwamba miti itarudi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba, mlikuja na mashine. Tukadhani mnajua kwamba miti huota."

Mhandisi alicheka mpaka chai ikammwagikia. Kisha akachukua ndizi mbivu kwenye sinia. "Na kuna kingine, Mkuu. Kosa langu. Tulikuwa tunaangalia kama mlingoti unaonekana. Lakini wimbi halipiti kama uzi. Linapita kama hii." Akaishika ndizi kwa ncha zake mbili. "Limechongoka huku na huku, tumbo katikati. Hata mti ukiwa pembeni ya mstari, ukigusa tumbo unakula mawimbi. Na majani yenye maji yanakula kuliko yote."

"Kwa hiyo ni miti yangu," akasema bibi.

"Ni miti yako, ya jirani zako, na huo mstari mzima."

Nilitaka kumwomba papo hapo. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti alikuwa ameshafika na mabuti yake, maana kijijini mgeni hali ndizi mbili kabla habari haijafika. Alisikiliza, akapiga goti lake kwa furaha. Dawa imepatikana, akasema. Kesho vijana wanapanda na mapanga.

"Wanapanda kwa nani?" akauliza bibi.

"Kwako, dada yangu, na kwa wengine. Ni kwa faida ya kikundi."

"Njoo hapa." Akamshika mwenyekiti mkono, akamwingiza chini ya mti wa kwanza. Tukawafuata. Chini ya mgrevilea mikahawa ilikuwa imeinama kwa matunda, mabichi, yamebanana kwenye kila tawi kama shanga. "Tawi la mgrevilea likianguka hapa sasa, linaangukia nini?"

Mwenyekiti akavuta buti lake nyuma, mbali na shina.

"Tunakata kabla ya masika kwa sababu chini hakuna kitu," bibi akaendelea. "Sasa mnataka niangushe kahawa ili mtume habari za kahawa?"

"Hasara kidogo, dada…"

"Utampelekea barua gani huyo mzungu? Kwamba mashine inafanya kazi vizuri, ila kahawa tumeivunja?"

Mwenyekiti akanigeukia. Alitaka mimi niamue, na kwa kweli alikuwa na haki, cheo kilikuwa ndani ya kofia yake. Ningesema kateni, kikundi kingekata. Mawasiliano yangerudi siku hiyo hiyo, na Mama angefurahi. Niliitazama ile mikahawa. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba chombo kile hakikuwa mwenye nyumba pale, kilikuwa mpangaji.

"Hatukati," nikasema.

"Sasa tutafanyaje?"

"Sijui bado. Lakini hatukati."

Mwenyekiti akavua kofia, akaitazama kadi, akaivaa tena. Bibi hakusema asante. Alisema, "Jumapili njooni ibadani. Na huyo bosi wenu aje. Watu wanasema anajua kununua."

Mama alikuja. Njia nzima alilalamika kwamba misa ya kwanza imempita na kwamba Walutheri wanaimba mno, kisha akaimba kuliko wote. Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye nyasi kwa ajili ya mnada. Wageni huona mambo hayo kama mchezo, lakini kwa watu wa kule ni nusu ya ibada: mwenye fedha hutoa fedha, asiye nazo hutoa kuku, mayai, maziwa, mkungu wa ndizi, na sadaka hiyo hunadiwa pale pale mbele ya kanisa, mtu ananunua kwa bei ambayo sokoni angeitukana. Mkungu wa bibi ulipoinuliwa, Mama na mwenyekiti wakaanza kushindana.

"Mama wa Kwa Mrombo, huko kwenu hakuna ndizi?" mwenyekiti akachokoza.

"Zipo, ila za Wameru zinasifiwa na Wameru wenyewe. Nataka nihakikishe."

Watu wakapiga makofi. Mnadi akapandisha. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa kanisa, nasikiliza kicheko, na akili yangu, kama kawaida yake, ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa Kikwe, chini ya mlingoti, inatafuta kile kipande cha bati kinachomeremeta.

Nikainua macho. Juu yangu, ukiwa umepita migomba, umepita migrevilea, ulikuwa mnara wa kengele, na paa lake dogo la bati jipya lilikuwa linapiga jua.

Nilimvuta mhandisi mkono nikamwonyesha. Akatazama, akatazama upande wa Kikwe, midomo yake ikaanza kupiga hesabu.

"Kama sisi tulikiona kutoka chini…" akasema.

"…basi nacho kinaiona Kikwe."

"Tumbo la ndizi nalo?"

"Ndiyo kazi yako."

Mama alishinda mkungu. Mwenyekiti alimbebea hadi kwenye gari, akimwambia njia nzima kwamba amemwachia kwa adabu tu. Mimi nilimfuata bibi, aliyekuwa anakusanya vyombo vya maziwa, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mnara si wangu," akasema. "Ni wa usharika. Utakuja mbele ya baraza la wazee uombe."

Katika maisha yangu nimeomba kazi, maji, lifti na msamaha wa trafiki, lakini sikuwahi kukaa mbele ya baraza la wazee wa kanisa na kadi ya kampuni mfukoni. Nilikwenda na mhandisi. Hatukutumia neno moja la kitaalamu, nilikuwa nimemsihi hivyo, naye akaleta ndizi yake. Wazee waliuliza maswali mazuri kuliko tuliyokuwa tumejiuliza wenyewe. Je, kitavuta radi? Tutaweka waya wa kuipeleka ardhini. Je, watu watapitisha mambo machafu mnarani? Mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa mmoja wao, akajibu kwamba kompyuta iko mezani kwake na yeye bado anaandika kwa kidole kimoja, uchafu utachelewa sana. Hata mchungaji alicheka.

Swali la mwisho lilikuwa la bibi.

"Kengele itanyamaza kwa ajili ya chombo chenu?"

"Haitanyamaza, Bibi."

"Hata mkiwa katikati ya barua?"

"Hata katikati ya barua."

"Basi pandeni," akasema, na wengine wakaitikia.

Kabla ya kubeba chuma chochote nilitaka uhakika. Asubuhi yenye anga safi, kabla Meru haijavuta shuka lake la mawingu, mhandisi alikaa Kikwe chini ya mlingoti, mimi nikapanda mnarani na kioo changu cha kunyolea. Nilikielekeza jua, nikakitikisa taratibu kuelekea tambarare. Nilitikisa mpaka mkono ukachoka. Kisha kule chini, mbali, kwenye rangi ya kahawia ya mashamba, kitu kikapepesa. Kikapepesa tena. Alikuwa na kioo chake cha poda. Tulipepesana kama watoto mpaka wingu likaja.

Tukafunga antena siku zilizofuata. Waya uliteremka ukutani, ukapita juu ya uzio hadi ofisi ya kikundi. Vijana wa kwaya walisaidia kupandisha vyuma wakiimba sauti nne. Kwenye mikahawa ya bibi, matunda machache ya chini yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na kila nilipopita nilijizuia kuyaangalia.

Taa ya redio iliwaka kijani ikakaa. Mwenyekiti akaketi, akaandika kwa kidole chake kimoja kwamba kahawa ya kwanza imeanza kuiva, asubuhi kuna ukungu, mashine imeoshwa. Akatuma. Tukangoja majibu, watu wamejaa mpaka mlangoni. Yalipokuja, bibi aliyekuwa amesimama nyuma akauliza yanasemaje. Yanauliza, mwenyekiti akasoma, kama miti ya kivuli ina afya.

"Mwambie haijakatwa," akasema bibi.

Jumapili iliyofuata taa ya dukani kwetu, ile inayoonyesha kama mlimani kunashika, ilizimika. Nilikuwa Kwa Mrombo, nikaruka kutoka kitini, lakini kabla sijafika mlangoni ikarudi. Jumapili nyingine tena, saa ile ile. Mhandisi ndiye aliyeelewa. Mnara huyumba kengele inapopigwa, kidogo tu, upana wa kidole, lakini kidole mlimani ni shamba zima Kikwe. Akachora vyuma vya kuukaza. Niliutazama mchoro wake, ulikuwa mzuri, na nikaukataa. Kuukaza kulitaka kutoboa mawe ya kanisa, na tulikuwa tumeshasema mbele ya wazee nani ananyamaza nani akilia. Nikamwandikia mnunuzi kwamba wakati wa ibada asitegemee barua. Akajibu kwamba ameelewa.

Kahawa yao ilikwenda. Wenye mizani waliendelea kupita, hawakupata cha kupima kwa wanakikundi wale. Mama hakufunga chumba. Alitoboa ukuta akakipanua, na wateja wengine wakaja, shule, kisha hospitali, kisha watu wa utalii. Kabla ya kufunga antena yoyote niliuliza kwanza miti ya pale hukatwa lini, na nani hukaa juu ya kilima kile, na kitu gani hapo hakiguswi. Mhandisi alikuwa na hesabu zake na mimi nilikuwa na maswali hayo, na Mama alizoea kuambiwa hapana. Miguu haikuwasha. Nilikuwa nimekutana na kitu ambacho hakimaliziki kueleweka, kwa sababu kila mwaka kinaota upya.

Mwaka uliofuata, Jumatano, tukiwa wote watatu chumbani, taa ya mlimani ikazima. Mama aliiona kabla yangu. Akaniangalia, kama alivyoahidi siku ya kadi.

"Kimekufa?"

Sikusimama. Nilikuwa natazama ile taa. Ikarudi, ikazima, ikarudi, ikazima, polepole, kwa mwendo wa mkono unaovuta kamba. Haikuwa saa ya ibada. Kule juu kengele hupigwa namna ile kwa jambo moja tu.

"Hapana, Mama," nikasema. "Kuna msiba."

Mhandisi akafunga daftari lake. Mama akachukua kitenge chake nyuma ya kiti, akajifunga, akamwambia msaidizi wa dukani aangalie duka. Nikawasha gari. Hatukujua bado ni nani, na hakuna aliyekisia kwa sauti.